Bundu Niliyompa Nguruwe

Mshauri mpendwa, nakuomba msaada, na kabla ya huo msaada nakuomba usitaje jina langu wala mtaa wetu hapa Bwera, kwa sababu mama mkwe wangu anakusikiliza redioni kila Jumamosi asubuhi akichambua maharage, na akijua ni mimi sijui nitaweka wapi uso wangu.

Nina mtoto mmoja, Pretty, ana miezi mitano na ananyonya tu, hajaanza kula. Mume wangu Aaron anafanya kazi kwenye kiwanda cha simenti upande wa Kasese, anakuja mwisho wa mwezi, na mimi nakaa na mama yake. Baada ya kuzaa nilinenepa, siwezi kukataa, na siku moja Aaron alipiga simu ile ya kuonana uso akacheka, akasema, "Nani huyu amekalia kiti cha bibi yangu?" Alikuwa anatania na alisahau hapo hapo, lakini mimi nilibaki na hilo neno nikifua, nikinyonyesha, hata kanisani.

Basi nikamwambia Alliance, rafiki yangu anayeuza vitenge soko la Mpondwe, kwao Butembo, Kongo, na mwili wake umekaa vizuri. Akanitumia kwenye simu sauti ya mwanamke anayejiita mwalimu wa mwili, anasema bundu, ule ugali wa mihogo, ni sukari, posho ya mahindi ni sukari, matoke, wali na viazi vyote ni sukari, ukivikata kabisa mafuta yanayeyuka yenyewe, na kizunguzungu kikija ni uchafu unatoka, usiogope. Nikamuuliza Alliance kama hata mama anayenyonyesha anaweza, akasema, "Maziwa inatoka ku maji, chérie. Wewe kunywa maji tu." Nikaamini, kwa sababu wiki ya kwanza nilipungua kilo tatu.

Shida ni kwamba kwetu Wakonzo mama mwenye mtoto mchanga hapewi chakula cha mchezo. Mama mkwe ndiye analima mihogo Nyakiyumbu, anaimenya, anailoweka, anaianika, anaisagisha, halafu anasonga bundu na kuniwekea kapu mbele yangu na sombe ya majani ya mihogo na samaki, na anakaa pale kuona nakula, anasema maziwa ya mjukuu wake yako ndani ya lile kapu. Ningemwambiaje sitaki? Nilikuwa nakata tonge, nalishika mkononi, namwambia habari za majirani, akigeuka nalificha kwenye kitenge nilichomfunikia mtoto, nakula mboga peke yake, na nikienda kuosha vyombo nampelekea nguruwe. Miezi miwili, mshauri. Nguruwe amenona mpaka watu wanauliza tunampa nini.

Kupungua nilipungua, Aaron akanisifu. Lakini maziwa yakawa machache, Pretty ananyonya, anaachia, analia, na mimi kichwa kinazunguka, siku moja nikaanguka bombani na jerikeni. Tukaenda kliniki na mama mkwe. Mtoto akapimwa, uzito ukawa ule ule wa mwezi uliopita. Sista Acen akaniuliza ninakula nini, na mimi nikasema nakula bundu kila siku, nashiba. Ndipo akaanza kuuliza habari za mihogo, kama ni ile michungu, inalowekwa siku ngapi, kwa sababu isipolowekwa vizuri inaweza kumletea mtu kizunguzungu na kumaliza nguvu za miguu. Hakusema kwa ubaya. Lakini mama mkwe alikuwa kwenye benchi ameshika kadi ya mtoto, akasikia yote. Tulipofika mlangoni kwetu akaniuliza, "Mwanangu, ni mikono yangu imekausha huyu mutoto?"

Nikanyamaza. Hilo ndilo linanimaliza, kwamba nilinyamaza.

Kesho yake akamwaga gunia zima la unga kwenye shimo la taka, akawazungukia wanawake wa kanisani ambao huchukua unga kwake, akawaambia wasile. Sasa wapo wanaonong'ona akipita. Siku hizi analoweka mihogo siku sita, anasonga, anakula tonge la kwanza yeye, halafu anakaa anangoja kama kichwa chake kitazunguka, na akiona iko salama ndipo ananisogezea kapu. Na hata hivyo juzi tonge langu nililificha tena. Nikimwambia ukweli atanichukia, nisipomwambia mtoto wangu anaisha. Nifanye nini?

Mama mwenye aibu, Bwera

*

Majina yote nimeyabadilisha, dada, kwa hiyo pumua. Nimelea wanne, najua mwili unavyochoka mtoto akiwa na miezi mitano, na najua utani wa mume unavyochoma. Nimekuhurumia. Sasa nisikilize.

Umedanganywa. Zile kilo tatu za wiki ya kwanza nyingi zilikuwa maji. Mwili huweka akiba ya wanga pamoja na maji, ukikata wanga ghafla maji yanatoka, mizani inakufurahisha, ukirudi kula yanarudi. Bundu haimnenepeshi mtu kwa kuwa ni bundu. Mtu hunenepa akila kuzidi anachotumia, kiwe chakula gani. Na wewe mwili mmoja unalisha watu wawili. Kile kizunguzungu kilikuwa njaa. Huyo mwalimu wa mwili hakujui, hajamwona mtoto kifuani mwako, na Alliance amekutumia tu alichotumiwa.

Anza kula leo: bundu, matoke, viazi, na maharage, sombe, samaki na parachichi. Ukitaka kupungua, acha soda na mandazi, tembea na mtoto mgongoni, nenda polepole. Mnyonyeshe Pretty mara nyingi kila anapotaka. Rudi kliniki wiki hii, usingoje mwezi ujao, umwambie Sista Acen kila kitu. Umemfanya atafute ugonjwa kwenye mihogo, na mtoto asiyeongezeka anahitaji kuangaliwa vizuri, huenda kuna jambo jingine pia. Ukianza kutapika au kuhema kwa kasi, nenda hapo hapo.

Tuje kwa mama mkwe. Mwanamke huyu anajaribu chakula chako kwa mwili wake, na wewe unakificha chini ya mjukuu wake. Nilipofika hapo niliiweka barua chini, nikatoka nje kidogo. Atakasirika, na ana haki. Kasirikiwa, hutakufa. Mchana akileta kapu, mshike mkono kabla hajaonja, kata tonge la kwanza wewe, kula, meza, ndipo umwambie. Halafu mwende wote kwa wale wanawake wa kanisani na useme wewe, yeye akae. Wakibisha, waonyeshe nguruwe. Amekula mihogo ile miezi miwili na hajayumba. Kuloweka vizuri aendelee, hapo Sista alisema kweli.

Kitu cha mwisho. Uliniandikia mimi ukijua ananisikiliza. Nadhani ulitaka asikie kutoka kwangu. Kazi hiyo sitakufanyia. Jibu hili nakutumia kwenye simu leo Jumatatu, na halitasomwa redioni mpaka unitumie neno moja: nimemwambia.

*

Wasikilizaji, neno limefika Alhamisi. Chini yake dada huyu ameandika kwamba mama mkwe hakumsemesha siku nzima, ila jioni alisonga bundu, akaweka kapu, akakaa akamtazama mpaka akamaliza. Kisha akafungua mdomo mara moja tu, kumtuma aniulize kama nikisoma barua hii naweza kuwaambia wanawake wa kanisani kwamba mihogo yake haina kosa.

Mihogo yake haina kosa.