Leseni Zisizo na Shimo

Tarime, Jumapili baada ya misa

Mke wangu Mama Upendo,

Nakusalimu kwa mbali, na kwa tahadhari. Mimi ni mzima wa mwili, nakula vizuri, ila kulala ndiyo shida. Wewe je, mgongo umetulia? Upendo anaendeleaje na masomo? Mama mkwe bado anakohoa asubuhi, au dawa ya yule muuguzi imemfaa? Na kahawa, mmeshaanza kuchuma au mvua imewachelewesha? Haya yote ningeyauliza kwenye simu, lakini juzi ulikata nikiwa katikati ya neno, na jana ukakata kabla sijalianza. Ndiyo maana nimenunua karatasi. Barua huwezi kuikata. Unaweza kuichoma, ila nakujua, utaisoma kwanza.

Swali lako lilikuwa moja tu: mkataba unaisha mwisho wa mwezi, narudi Mbinga au sirudi? Ukaongeza kwamba kama kuna mwanamke Sirari, akupigie mwenyewe muongee. Mke wangu, kwa umri huu na kitambi hiki, mwanamke wa Sirari anitake kwa lipi? Wale wana biashara zao mpaka ng'ambo ya mpaka, Kenya, hawana nafasi ya kulea mzee. Jibu sikuwa nalo kwa sababu halikuwa mikononi mwangu peke yangu. Sasa ninalo, lakini sikuandikii hapa juu, utaacha kusoma.

Unajua kampuni yetu inachora mwamba. Wengine wanaleta mawe, halafu Marwa, mwanajiolojia wetu, anakaa mbele ya kompyuta anachora dhahabu imelala wapi chini. Programu ya kuchorea si yetu. Tunaikodi kwa wenyewe huko Ulaya, na kila ruhusa ya kuifungua inaitwa leseni. Leseni ni chache, watu ni wengi. Mtu akifungua programu akaenda kunywa chai bila kuifunga, leseni inabaki kwake na mwenzake anafungiwa nje. Hapo matusi yanaanza. Ofisi hii inatukanana kwa Kikurya, kwa Kijaluo na kwa Kiingereza, na yote yananishukia mimi fundi wa kompyuta. Mwisho wenye programu wakatuandikia kwa ukali kwamba kuna wanaoitumia bila leseni. Makao makuu wakaamua kiwepo chombo cha kusimamia leseni, yaani programu nyingine juu ya programu: kituonyeshe nani ameshika ipi, ipi imelala bure, ipi inakaribia kuisha. Wakanipa mimi kazi ya kushauri. Tujenge chetu wenyewe, au tununue kilicho tayari?

Sasa sikiliza vizuri, maana wewe umo humo ndani. Tukijenga, mjenzi ni mimi, na mkataba unaongezwa miaka miwili. Tukinunua, wauzaji wanakuja na mtu wao, na mimi nafunga virago.

Nami nilitaka tujenge. Nakwambia ukweli ingawa najua sura unayoikunja sasa hivi. Miaka yote hii nimebadilisha wino wa printa na kuwaambia watu wazime kompyuta halafu wawashe tena. Mara moja tu katika maisha nikaona kitu ambacho ningekitengeneza mwenyewe kikaitwa changu. Jioni nikaanza kukiandika kwa majaribio, nikitembea mjini kifua mbele kama bwana harusi.

Kifua hicho ndicho kilichoniponza. Nilikuwa mgahawani pale stendi, mdomo umejaa nyama, Marwa akapiga simu. Nikaweka spika kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta.

"Mzee wa leseni! Niachie moja, nimefungiwa nje huku!"

"Subiri nimalize kula," nikasema. "Nyingi zimelala tu, hakuna anayezitumia. Nikirudi nakupa hata mbili."

Mgahawa mzima ukanigeukia. Mke wangu, huku siku hizi neno leseni lina maana moja tu, karatasi ya kuchimba dhahabu. Watu wamepagawa. Mtu akichimba choo, majirani wanakuja na karai. Na mimi nakaa katikati yao natafuna mbavu na kutangaza kwamba ninazo nyingi, zimelala.

Habari ilifika nyumbani kabla yangu. Mwenye nyumba wangu, Mzee Mwita, yule niliyekwambia alinikaribisha kwa kuku siku ya kwanza, ana shamba la urithi kule Itiryo. Mwezi huu amekuta watu wamelipigilia vigingi. Alipouliza ofisi ya madini aliambiwa shamba lina leseni tayari, ila jina la mwenye leseni hakupewa. Basi mzee akaunganisha mambo mawili. Nilipoingia nikamwamkia shikamoo, akaacha ukuta uitikie.

"Wewe Mngoni," akasema. Nimeshamweleza kwamba mimi ni Mmatengo, lakini kwake kila mtu wa kusini mwa Dodoma ni Mngoni. "Shamba langu liko kwenye leseni yako ipi?"

"Baba, leseni zangu ni za kompyuta."

"Hata wale walionifukuza ofisini walisema hivyo hivyo. Mzee, leseni iko kwenye kompyuta. Kumbe kompyuta yenyewe ni ya mpangaji wangu!"

"Baba, hizi hazina shimo. Hazina ardhi kabisa."

"Leseni isiyo na ardhi ni ya nini? Ya kufugia kuku?"

Mke wake, Mama Bhoke, akacheka, lakini hakikuwa kicheko cha kunifurahia. Asubuhi yake bomba la uani lilikuwa na kufuli, nikaoga kwa maji ya kunywa. Kijana wa bodaboda wa pale kona, aliyekuwa akinipigia honi kila siku, akanipita akisema kwa sauti, "Apande leseni zake!" Halafu ndugu wawili wa mzee wakaja kutoka Itiryo, wakakaa mlangoni kwangu na fimbo magotini. Nikawakaribisha chai. Hawakuigusa, wala hawakuinuka mpaka nilipojifungia ndani. 

Nikaona dawa ni kumpeleka mzee ofisini aione kompyuta kwa macho yake, na Marwa, mtoto wa hapa hapa, amweleze kwa Kikurya. Mpango mzuri, sivyo? Ila asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimewasha kile chombo changu cha majaribio. Nilikiagiza kwamba mtu asipogusa kompyuta kwa muda, kihesabu kuwa amelala, kimnyang'anye leseni kimpe mwenzake. Marwa hakuwa amelala. Alikuwa ameshika jiwe mkononi, analigeuzageuza dirishani. Kikamfukuza. Mchoro wa mwamba aliokuwa akiuhangaikia ukafungwa bila kuhifadhiwa. Nilipoingia na Mzee Mwita nikamkuta Marwa amesimama, macho mekundu.

"Mura, mwambie mzee leseni zangu ni za nini," nikamwomba, nikimwita kijana kwa Kikurya chao.

Marwa akamgeukia mzee. "Mimi sijui za nini. Ninachojua zote anazo huyu. Hata yangu kaninyang'anya leo asubuhi!"

Mzee Mwita hakuuliza tena. Alinishika ukosi wa shati, na mlinzi ndiye aliyetutenganisha. Nilibaki na shati lisilo na vifungo, na wafanyakazi wote wamejaa mlangoni kutazama.

Mchana tuliitwa kikaoni na Madam Adela, meneja wetu, aliyekuja kutoka makao makuu kusikia ushauri wangu. Alikwishasikia na mengine.

"Haya, fundi. Tujenge au tununue?"

"Tununue," nikasema.

Akavua miwani. "Mwanzoni mwa wiki ulisema tujenge. Hao wauzaji wamekuahidi nini?"

"Wameniahidi nitamwona mke wangu."

Hakuna aliyecheka, Mama Upendo. Hata kutabasamu.

"Nauliza kwa makini. Kila mtu huku ananunulika, wewe ni nani?"

Nikamjibu kwa makini. Nikasema nikijenga mimi, kila ugomvi wa ofisi hii utakuwa kosa la programu yangu, na leo tumeonja. Wenye programu wakibadilisha namna ya kuhesabu leseni, chetu kitakuwa kipofu mpaka mimi nikitibu. Na siku nikiugua au nikifa, hakuna mwingine anayejua kimeshonwa vipi. Kusema hayo kuliniuma, maana nilikuwa nakivunja kitu changu kwa mdomo wangu.

"Kwa hiyo ulitaka tujenge ili tukutegemee," akasema.

"Nilitaka kwa sababu nilikipenda."

"Mapenzi peleka nyumbani."

Marwa, bado ana hasira, akauliza, "Na hicho cha kununua, chombo cha kusimamia leseni, chenyewe kina leseni?"

"Kinayo. Inalipiwa kila mwaka."

"Nani ataisimamia hiyo?"

"Si mimi," nikasema, na hapo kikao kikaisha. Madam akaandika tununue, na chini yake akaandika mkataba wangu usiongezwe, na wauzaji wachunguzwe kama walinipa kitu.

Basi jibu lako ndilo hilo. Narudi. Lakini usivimbe kichwa ukadhani ni kwa sababu ulikata simu. Nilitaka kubaki, na kama kile chombo kisingemfukuza Marwa, huenda ningebaki miaka miwili nikikufariji kwa vitenge. Afadhali ulijue hili kwangu kuliko uliote.

Kuna gharama moja ambayo sikuihesabu. Jana nilimwambia Mzee Mwita kwamba nahama. Kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze, akatabasamu, akamwita mkewe.

"Mama Bhoke! Si niliwaambia? Ameshauza, anakimbia!"

Nikamsihi arudi ofisi ya madini na mashahidi wa mipaka ya shamba lake. Marwa, hasira zilipopoa, amekubali kumsindikiza Jumatano. Mzee hakutaka kusikia.

"Nipe jina la uliyemuuzia. Jina tu. Mambo mengine tutamalizana na huyo."

"Baba, jina sina."

"Nenda," akasema. "Ila ujue, nitawaambia watoto wangu sura yako ilivyo."

Ningebaki, labda siku moja angeuona ukweli. Nikiondoka, nimekiri. Mtaa wote umeshakubaliana hivyo; hata mama wa maandazi amekataa kuniuzia. Nimezungusha akili mpaka imechoka, sijapata njia ya kurudi kwako nikiwa mtu safi kwao. Mzee wa watu analilia shamba la baba yake, na katika dunia nzima sura pekee aliyoipata ya mwizi ni hii yangu. Nimechagua kurudi hivyo hivyo.

Nisalimie mama mkwe, mwambie nitamletea dawa ya kifua kutoka Mwanza. Msalimie kaka yangu Kosmas, na umwonye kabisa asije kuniomba leseni. Msalimie wifi yako anayetulindia mbuzi, na katekista aliyenisomea sala ya safari nilipoondoka. Asome na ya kurudi. Upendo mwambie baba yake hana zawadi, ana hadithi.

Nikishuka stendi ya Mbinga, watu watakuuliza huyo anayetoka kwenye dhahabu kaleta nini. Wajibu utakavyo. Wewe mtafute mtu mnene mwenye shati lisilo na vifungo. Usimpite.

Mumeo,
Baba Upendo