Kazi Inarudi kwa Aliyeifanya

4 Machi

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo huko wodini? Mgongo unasemaje tangu wakupasue? Unakula, au unawapa wenzako chakula kama kawaida yako? Huku nyumbani kwako wazima, ila mimi nimechoka hoi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kulia tu, na kulia hakuoshi vyombo.

Sikufichi kitu. Wanao hawajui hata ufagio unashikwa upande gani. Kifungua, binti mzima wa miaka kumi na mitatu, anakula, anaacha sahani hapohapo, anaondoka zake. Wakili nilimwambia aanike shuka. Akaniuliza, "Mama Mkubwa, kwani jua lenyewe limesema litakuwepo mpaka saa ngapi?" Miaka kumi tu, mdomo kama wa mahakamani! Kitinda ana miaka saba na bado ananyoosha mguu avalishwe soksi.

Daktari kasema miezi sita usiiname, usibebe hata birika. Likizo yangu ya hotelini inaisha mwisho wa Aprili, na wale wa chumba cha kufulia hawanisubiri zaidi ya hapo. Sasa Kaka kasema kama nyumba haina wa kuishika, watoto wagawanywe: Kifungua aende kwake, Wakili kwa binamu, Kitinda kwa wifi yako. Atakuja tarehe 20 Aprili kuangalia na kuamua.

Basi nimejifunga kibwebwe. Watoto hawa watafanya kazi, wapende wasipende.

Dada yako


9 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimepata barua yako kwa mkono wa dereva wa hospitali. Naendelea vizuri, jana nimesimama dakika tano nimeshika chuma cha kitanda.

Dada, nakuomba kwa heshima zote, usiwafanye wanangu watumishi. Wewe ulibaki kwa mama. Mimi ndiye niliyepelekwa kwa shangazi nikiwa na miaka minane, eti nisome. Nilisoma nini? Nilisoma masufuria. Nilitandika vitanda vya watu sita kabla ya kwenda shule, na nikikosea nalala njaa. Niliapa kwamba mtoto wangu hatashika ndoo wala jifya. Nimeshona nguo za watu mpaka mgongo umekatika ili wao wakae kama watoto.

Kama huwezi kufanya mwenyewe, tafuta mtu wa kusaidia. Usiwaguse.

Mdogo wako


16 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, na pole kwa yote. Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara zote tatu nimelia. Sasa nimemaliza, sikiliza.

Unajua wakigawanywa watakwenda kuwa nini kwenye nyumba za watu? Yaleyale ya shangazi! Tena wewe angalau ulikwenda ukijua kufagia. Hawa watakwenda na mikono mitupu, na watatukanwa kwamba mama yao hakuwafunza. Usinune. Nakwambia mimi, kabla hujaambiwa na wengine.

Nilijaribu pipi, wakala pipi na vyombo vikabaki. Nilijaribu kupiga kelele, sauti ikakauka. Juzi nikakaa na Kifungua jikoni, nikamuuliza kwa upole, "Mwanangu, kwani kuosha kikombe kuna nini?"

Akanijibu bila kuniangalia, "Nikiosha, Mama anaosha tena. Anangoja tutoke, halafu anarudia vyote. Nimemwona mara nyingi. Kwa hiyo kuna haja gani?"

Nikamgeukia Wakili. Kumbe naye aliwahi kukunja nguo zake, akarudi kutoka shule akazikuta zimekunjwa upya. Akaacha. Kitinda naye alifagia siku moja tu, ukamwambia "asante mama," kisha ukafagia palepale.

Hivi kweli, mdogo wangu?

Kule kwetu hotelini kila shuka lina uzi wa rangi ya aliyelipiga pasi. Shuka likitoka na mkunjo, halinyooshwi na mwingine, hata mimi msimamizi silisogezi. Linarudi kwa aliyelifanya. Mwanzoni wasichana wananichukia, mwezi wa pili shuka linatoka kama karatasi. Nimeamua sheria iwe hiyohiyo hapa. Kifungua ana jiko, Wakili ana nguo, Kitinda ana vitanda na ufagio. Kila mtu na chake, na hakuna anayerudia kazi ya mwenzake kwa siri. Ikiwa mbaya inarudi, na anaambiwa mbaya iko wapi.

Dada yako


3 Aprili

Mdogo wangu,

Vipi hali? Dereva amekuja mara mbili mikono mitupu. Kama umekasirika, kasirika, lakini kula. Muuguzi ameniambia unakula, basi nimepumua.

Umeninyamazia, lakini sijaacha. Wakili kafua shati lake jekundu pamoja na sare nyeupe za wote watatu. Dunia nzima ikageuka waridi! Kifungua alitaka kumrarua. Nilikuwa na dawa ya kuondoa rangi kwenye mkoba, dada yako ni wa kazi hiyo, na mkono uliniwasha kweli. Nikajikalisha. Wakaenda shule na uwaridi wao. Jioni Wakili akaja kimya, bila hoja hata moja, akauliza, "Mama Mkubwa, rangi inatokaje?" Ndipo nikamfundisha. Sasa anatenga nguo mafungu manne na anatukagua mifuko mlangoni.

Usidhani mambo ni asali. Jana Kitinda alilala chini akagaragara, hataki kufagia. Nikamruka, nikaendelea na shughuli zangu. Akagaragara mpaka akachoka, akafagia.

Zimebaki siku kumi na saba. Kama hutaki, niandikie neno moja tu, "acha," nami nitaacha. Lakini nikiacha, mfungashie Kaka watoto wewe mwenyewe.

Dada yako


8 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kimya changu. Nilishindwa kushika kalamu, na si kwa sababu ya mgongo.

Ni kweli. Nilikuwa narudia. Kikombe kikiwa na alama ya chai nilimwona shangazi mlangoni, mkono unakwenda wenyewe. Nilisema nawaonea huruma wanangu, kumbe nilikuwa nawaogopea mtu ambaye hata hawamjui. Kifungua aliniona! Siku zote hizo, mtoto ananiona na hasemi. Nimelia mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akamwita muuguzi.

Sasa nimekaza roho. Usiache. Ila usiwafundishe kumwigizia Kaka. Akute nyumba kama ilivyo, aamue kwa anachokiona. Na mimi hapa nimeshafika mlango wa wodi kwa miguu yangu.

Mdogo wako


21 Aprili

Mdogo wangu,

Kaa chini ndipo usome, au simama, sijui daktari kasemaje.

Kaka alifika jana asubuhi na begi tupu la kubebea nguo za Kitinda. Alishaamua kabla hajabisha hodi. Akapitisha kidole juu ya kabati, kikatoka na vumbi, akanionyesha. Nikamwambia, "Mimi sina kabati hapa, muulize mwenyewe." Kitinda akakitazama kidole, akasema, "Huko juu sifiki, Mjomba. Wewe ulivyo mrefu ungenifutia." Kaka akakifuta kidole chake kwa leso.

Wali uliungua chini. Sahani ya Kaka ilikuwa na doa pembeni, nililiona kabla yake, nikakalia mikono yangu nisiibadilishe. Akaliona. Akasema, "Sahani hii ni chafu." Kifungua akaona haya, machozi yakamlenga, nikajua tumekwisha. Lakini akainuka, akaichukua, akaiosha mbele yetu, akaigeuza juu na chini kwenye mwanga, akairudisha. "Samahani, Mjomba. Sasa iko safi." Hakununa.

Kaka akala. Akauliza, "Na maji ya kuoga ya mama yenu atabeba nani? Ndoo kubwa ile?" Wakili akasema ile kubwa wameistaafisha. Wamepata ndogo mbili, yeye na Kifungua watabeba moja kila mtu. "Hoja ya ndoo imefungwa, Mjomba."

Kaka alicheka mpaka akakohoa. Akaondoka na begi lake tupu. Leo katuma ngazi fupi, kwa ajili ya kabati. Ndiye kaka yetu yule, neno "nimekubali" halijui.

Njoo nyumbani.

Dada yako


11 Mei

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Umefika salama? Wasichana wako wa pasi wamekupokeaje? Sisi wazima, na nyumba inakulilia.

Siku yangu ya kwanza nyumbani bila wewe ilikuwa ngumu kuliko upasuaji. Nilikaa kwenye kiti jikoni nikimtazama Kifungua akiosha vyombo, nikauma ulimi. Alikuwa akinitupia jicho kila baada ya kikombe. Alipomaliza alisimama mlangoni, hatoki. Nikajua anasubiri aone kama nitainuka. Sikuinuka. Nikamwomba chai katika kikombe kimojawapo.

Halafu Kitinda akanitandikia kitanda. Nililala, mkunjo mkubwa ukanichoma palepale penye kidonda. Ningeweza kuvumilia. Ningeweza kumngoja atoke nikaunyoosha mwenyewe, mkono ulishakwenda. Nikamwita. Nikamwambia, "Mwanangu, hapa pamekunjamana, panamuumiza mama. Inarudi kwako." Akanung'unika, akanishika mkono nikasimama, akavuta shuka, akakagua kila pembe. "Sasa je?"

Nikalala. Palikuwa pamenyooka.

Dada, nililia pale, na mtoto akadhani ameharibu tena. Nikamwambia hapana. Sikujua nimweleze vipi, basi nakueleza wewe. Nimetandika vitanda tangu nina miaka minane. Ukiwatoa wauguzi, ambao ni kazi yao, hakuna mtu aliyewahi kunitandikia mimi.

Mdogo wako