Hema la Msiba Kwenye Kiwanja cha Kituo

Etiye Abonesh, dada yetu mkubwa na mshauri wetu wa redioni,

Salamu nyingi, na naomba unisaidie upesi, tena ukinijibu usiutaje mtaa wetu, sema tu "kijana mmoja wa Addis Ababa mwenye akili nyingi", watakaonijua watanijua. Shule niliishia darasa la saba lakini usinidharau, kwa sababu nimewarudisha wapima ardhi wa serikali walikotoka bila kurusha hata jiwe, na wao wana digrii na kile kidude chao cha miguu mitatu, na shida yangu yote imezaliwa na ushindi huohuo.

Iko hivi. Mbele ya uchochoro wetu kimejengwa kituo kipya cha treni ya mjini, na pembeni yake kuna kiwanja cha serikali, zamani gereji ya mabasi, ndipo mama yangu Wubit na wenzake wanapouzia kahawa, na misiba yetu yote tunaiwekea hema palepale kwa sababu uchochoro ni mwembamba, hema haliingii. Basi akaja binti mmoja wa mipango miji, anaitwa Hirut, na ramani yake kwapani, akasema hapa zitajengwa nyumba za kupanga juu na soko chini, na wenyeji mnaitwa mkutanoni mtoe maoni. Maoni! Etiye, serikali ikikuuliza maoni ujue jibu inalo mfukoni. Bibi yangu alivunjiwa nyumba ipite barabara, akaambiwa "mama, utarudi hapahapa", akapelekwa mwisho wa mji wanakolia fisi, na huko ndiko alikozikwa akiwa bado anasubiri kurudi. Halafu huyu Hirut akaketi kwa mama akanywa kahawa mizunguko yote mitatu, wakati mtu wa ofisi hunywa kikombe kimoja huku anaangalia saa, sasa huyu anayengoja wa tatu anatafuta nini? Nikaitazama ramani yake, watu waliochorwa wote wembamba, mikono mitupu, hakuna aliyebeba kuni wala gunia, kuna mmoja anatembeza mbwa.

"Mama yangu yuko wapi hapa?" nikamuuliza.

"Bado hajachorwa. Ndiyo maana nawaita mkutanoni."

"Kwa hiyo mbwa kawahi mkutano?"

Mama akanichapa mgongoni. "Mwache dada wa watu, we mdomo kama birika lisilo na kifuniko!"

Lakini moyo wangu haukutulia. Siku ya mkutano wapima nao walikuwa waje kupigilia vigingi, na hapo ndipo akili yangu ilipofanya kazi. Kwetu hakuna mtu, hata awe waziri, anayevunja hema la msiba. Asubuhi na mapema nikakimbia kwa mzee wetu, Gashe Demissie, mwenyekiti wa idir yetu, chama cha kufa na kuzikana, nikajitupa chini nikilia: "Baba mkubwa Yimer amefariki Wollo!" Baba yangu mzazi alikufa nikiwa mdogo, watu wake wako mbali huko Wollo na mama hajawahi kuwaona, nani angebisha? Hema likasimama kabla jua halijapanda, na kwa kuwa asiyefika msibani idir humtoza faini, mtaa mzima ukajaa pale. Wapima wakafika, wakavua kofia, wakakaribishwa ngano na maharage ya kuchemsha, wakala, wakatupa pole, wakaondoka na vigingi vyao. Etiye, siku ile nilikuwa mfalme!

Ila baba mkubwa Yimer hajawahi kuzaliwa.

Na kumbe wenye maduka wa ng'ambo ya barabara, ambao hawamo kwenye idir yetu, walikwenda mkutanoni peke yao, wakasema pale kwenye kahawa pafaa kuwekwa maegesho ya magari ya wateja wao, na mchoro mpya umetoka, sasa mama amechorwa, amekuwa maegesho. Hirut amerudi kusema mchoro haujapigwa mhuri, kikao cha mwisho ni Alhamisi, wauza kahawa wachague wa kuwasemea. Wote wakasema Wubit, maana mama akifungua kinywa hata polisi husogea. Naye yuko ndani na gauni jeusi, kibanda amefunga.

"Mfiwa hasimami kubishana na watu kabla ya arobaini," anasema. "Shemeji yangu sikumjua, lakini nitamlilia, ni damu ya mume wangu."

Na analia kweli, machozi ya kweli, kwa ajili ya mtu niliyemtunga nikiwa napiga mswaki.

Tena kuna jambo linaninyima raha. Hirut naye alikuja hemani. Akaniuliza marehemu aliitwa nani, nikasema Yimer. Baadaye karani wa idir akaniuliza mbele yake jina la kuandika daftarini, nikasema Seid. Yule binti akanitazama, akaendelea kutafuna ngano yake. Mpaka leo hajasema neno. Kwa nini hasemi? Anangoja nini?

Sasa nichagulie: niende nikaseme mimi badala ya mama, maana mdomo ninao, au nitangaze kwamba baba mkubwa kazinduka, au nimuue na baba mdogo ili Alhamisi nayo iahirishwe?

Ni mimi,
Mintesnot, Mfalme wa Kiwanja

*

Mintesnot,

Mfalme, shuka kitini tuzungumze, na hii ni barua yako mwenyewe, redioni sitaisoma.

Kwa kushuku sikulaumu. Nimezeekea mji huu na ninajua jinsi "utarudi hapahapa" inavyotamkwa kwa tabasamu. Hata huyo Hirut mimi simwamini mpaka nione mhuri, anywe mizunguko mitatu au sita. Lakini shaka yako ni ya mvivu, mwanangu. Umemshuku binti, umemshuku mbwa wa kwenye karatasi, wenye maduka wa ng'ambo hukuwashuku hata kidogo, nao ndio waliokuwa wanavaa viatu kwenda mkutanoni wakati wewe unawafungia majirani zako hemani. Serikali hukuizuia. Uliwazuia wauza kahawa.

Unauliza kwa nini binti amenyamaza. Huenda ni huruma. Huenda anaiweka akiba, siku mtakapombishia aitoe: "Hawa ndio wale wa msiba wa uongo." Sijui, na wewe hujui. Ninachojua ni kwamba siri yako iko mkononi mwake, na ikiwafikia wenye maduka, kila atakalosema mama yako litachekwa. Itoe wewe kabla hawajaitoa wao.

Kwa hiyo baba mdogo mwache aishi. Na huyo Yimer usimzindue, maana uongo wa pili utahitaji wa tatu, na wewe hata majina mawili yamekushinda.

Leo hii, si kesho, kaa na mama yako, nyinyi wawili tu, umwambie. Usianze na mzaha. Umemvalisha nyeusi, umemfungia riziki, umemliza kwa jina la mume wake. Akikupiga, pigwa. Akinyamaza, hiyo ni mbaya zaidi, na ukae palepale usikimbie. Kisha nendeni pamoja kwa Gashe Demissie. Atakutoza faini na atakubebesha nguzo za hema misiba yote ya mwaka huu. Beba. Mwombe yeye mwenyewe awaambie watu, na awaombe Alhamisi waje wote, kama walivyokuja kwa Yimer.

Mkutanoni aseme mama yako, na idir ikae nyuma yake, kwa sababu kiwanja ni cha umma na mtu mmoja husukumwa kirahisi. Aulize akina mama watauzia wapi wakati ujenzi unaendelea, maana hapo ndipo watu hupotelea. Aulize nyumba za juu atapangishwa nani, na kiasi cha kodi kitapangwa na nani. Aulize hema la msiba litasimama wapi, kwani nina hakika kwenye ramani ile mahali mnapolilia wafu wenu wote pameandikwa "wazi". Jibu la mdomo asilipokee. Liandikwe, lipigwe mhuri, mpewe nakala. Wakikataa, asimame aseme hatukubali, na hilo nalo liandikwe.

Wewe usiseme badala yake. Keti nyuma ya kiti chake ufunge huo mdomo. Mtu akiwacheka kwa ajili ya lile hema, simama useme, "Ni mimi, si mama," kisha uketi, umwache aendelee.

Etiye Abonesh