Ndimu za Mejumaa

Jumatatu, 3 Mei 1999
Nimekuna nazi, nimepika mchuzi, nimefagia ua wenye matope ya mvua. Mama amekula, amejilamba vidole, amemsifu Mejumaa. Mchuzi niliupika mimi! Mejumaa kachekacheka tu.

Kaka yangu Salimu yuko kazini Maskati tangu kabla ya Ramadhani. Mkewe Mejumaa amekalia chumba kikubwa chenye dirisha la barabarani, na ufunguo kaufunga kwenye pindo la leso. Mimi nalala na mama, namsikiliza akikoroma. Mtalaka hana chumba.

Leo rafiki yake Salimu ameleta mashine ya gemu kutoka huko, ameifunga kwenye televisheni ya sebuleni. Salimu amesema kwa simu Mejumaa ajifunze, akirudi kwa Maulidi wacheze pamoja. Wacheze pamoja! Watu wazima na ndevu zao.

Alhamisi, 6 Mei
Gemu yenyewe ni ya magari. Unaona usukani mbele yako, barabara inakujia mbio, kona juu ya kona. Mimi nimeijua siku hiyohiyo.

Mejumaa alikishika kile kidude cha kuchezea kama mtu aliyeshika kaa aliye hai. Kona ya kwanza, ukutani. Gari likazunguka, likazunguka, likazunguka. Uso ukampauka. Akatupa kidude, akakimbilia chooni, nikamsikia anatapika.

Nimecheka mpaka mbavu zimeniuma. Binti wa Majoreni, baba yake mvuvi analala baharini mwaka mzima, na yeye anachafukwa na moyo juu ya kochi.

Jumapili, 9 Mei
Katapika tena. Anasema hata akifumba macho chumba kinazunguka. Kaniomba nisimwambie mama, ataonekana mshamba. Anataka Salimu akirudi amkute anaiweza.

Kaniuliza kama nami ilinipata. Nikamwambia ilinipata sana, dawa yake ni kuzoea. Uongo mtupu. Sijasikia hata kichefuchefu.

Nikamwambia alambe ndimu na chumvi. Hiyo ni kweli, husaidia. Nimemchumia mwenyewe kwa jirani, upande mzima wa leso. Kanishukuru, kaniita dada. Nimekereka.

Alhamisi, 13 Mei
Leo mama kamkuta Mejumaa nyuma ya jiko. Kajishika ukuta, macho kafumba, ndimu mdomoni. Mama kasimama na ungo wake. Baadaye kaniuliza polepole, huyu mwenzako anaumwa nini? Nikasema sijui.

Hapo ndipo nilipoona alichokiona mama. Mwanamke anatapika asubuhi. Analamba ndimu. Anajificha. Na mume hayupo tangu kabla ya Ramadhani. Mwenye macho haambiwi tazama.

Moyo umenidunda kwa furaha. Ndiyo, furaha, kwa nini nijidanganye? Mimi niliachwa kwa sababu sikutapika hata asubuhi moja katika ndoa yangu yote. Mama mkwe wangu alikuwa akinitazama tumbo kwanza, ndipo aniitikie shikamoo. Basi na mwingine naye atazamwe.

Jumapili, 16 Mei
Sasa mama anauchunga mswala wa Mejumaa. Mwanamke akiingia katika siku zake haswali, na nyumba nzima hujua bila kuambiwa. Mejumaa anaswali zote tano wala hajakatiza. Mama anangoja.

Mwezi uliopita alikatiza. Ila mama alikuwa Kombani akimuuguza shangazi, hakuona. Mimi nilikuwapo, niliona. Nimekaa kimya kama maji mtungini.

Lakini siku zake zimekaribia. Akikunja mswala tu, mambo yote yameharibika. Basi jana nikamwambia Mejumaa kwamba Salimu atapiga simu wiki hii na la kwanza atauliza gemu. Jitahidi wifi, cheza alfajiri kabla ya chai, kichwa kikiwa chepesi. Masikini wa Mungu kaamka, kacheza. Hakuwahi hata kufika chooni. Katapikia uani, miguuni pa mama.

Mama hakumshika mgongo. Kaingia ndani, kavaa buibui, kamfuata Mjomba Hamadi.

Jumatatu, 17 Mei
Mjomba Hamadi ni kaka yake mama, na neno lake ndilo la mwisho humu. Kaketi kitini, Mejumaa mkekani. Analia, anaapa. Ni gemu, mama. Wallahi ni ile gemu, inanizungusha kichwa, ndimu nalamba nisitapike. Mjomba kacheka mpaka kakohoa. Tangu lini televisheni ikamtia mtu mimba?

Kaomba apelekwe hospitali ya Msambweni akapimwe. Mama kakataa. Akakae foleni na aibu ile, na nusu ya watu pale wanamjua? Mejumaa kasema basi nitakwenda peke yangu. Mama kakaa mlangoni.

Kisha mama kanigeukia mimi. Kaniuliza wewe unaicheza kutwa, inatapisha?

Nikajibu, "Mbona mimi sitapiki?"

Wala si uongo. Mejumaa kaniangalia, mdomo wazi. Alikuwa akingoja niseme la pili, lile la ndimu, lile la kuzoea. Nikatazama mkeka. Mama kasema siku za mwizi ni arobaini. Mjomba kavaa viatu.

Jumanne, 18 Mei
Simu ilipigwa dukani kwa mjomba. Salimu kalia, kisha katukana, kisha katoa talaka. Tatu kwa mpigo, mjomba na jirani yake wakiwa mashahidi.

Sikutegemea tatu. Nilitegemea moja, ya kumtia adabu.

Kaka yake Mejumaa kaja kumchukua adhuhuri. Jamaa mkubwa, mikono imejaa makovu ya kamba, na hakunyanyua macho kwa aibu. Mama hakutoka. Mejumaa kaacha ufunguo juu ya meza. Kanipa mkono, naam, mimi huyuhuyu. "Mimi sikukukosea kitu, wifi." Mkono wa baridi. Nikamwambia safari njema.

Mchuzi wa leo mama kasema una chumvi nyingi.

Ijumaa, 21 Mei
Kaja mwanamke mtu mzima kutoka Majoreni, katumwa na mamake Mejumaa. Hakukubali hata maji. Kasema mtoto wao hana mimba, yuko katika siku zake tangu jana, na asiyeamini aende akaangalie kwa macho yake.

Nilikuwa nachambua mchele. Vidole vikasimama.

Mama kacheka kwa pua. Kasema watakuwa wameitoa mimba, watu wa kwao wanajua miti ya dawa. Yule mwanamke kainuka, katema mate mlangoni kwetu, kaenda zake.

Kumbe mimi sikuwa na haja ya kusema chochote zaidi. Watu wakishaamua, hujimalizia wenyewe. Nimeupeleka mchele jikoni.

Ufunguo mama kaufunga kwenye leso yake. Kasema chumba kitamngoja mke mpya. Hee! Na mimi je?

Alhamisi, 24 Juni
Salimu karudi. Kakonda, koromeo limemtoka. Kaleta manukato, kaleta kanzu ya Maulidi, na kwenye sanduku lake kuna dera la kijani ambalo hakumpa mtu. Nimeliona. Mama kamwambia atampatia mwanamke mwenye heshima. Salimu kala matonge mawili kanawa.

Ijumaa, 25 Juni


Baada ya swala ya Ijumaa Salimu kaketi sebuleni, kawasha gemu. Kwa kujipotezea mawazo tu. Mimi nilikuwa mlangoni napepeta. Kona ya kwanza, ukutani. Gari likazunguka. Kacheka kidogo, kajaribu tena. Kajaribu tena. Kisha kashika paji la uso, jasho linamtiririka. Kasema mama, nisaidie, chumba kinazunguka. Katapika juu ya kanzu mpya.

Mama karuka kama mama yeyote. Subiri mwanangu, subiri nikuletee ndimu na chumvi. Kaenda mbio jikoni, kakata ndimu, karudi nayo kiganjani. Katikati ya sebule akasimama. Kaitazama ile ndimu.

Nilisikia mashine inavuma. Gari kwenye televisheni lilikuwa bado limeelekea ukutani.

Salimu kainua kichwa. Kauliza, "Kwani Mejumaa alisema ni nini?"

Hakuwahi kuambiwa. Kwenye simu mjomba alimwambia mkeo anatapika, ana mimba, basi.

"Gemu," mama kasema. "Alisema ni gemu."

Kisha wakanitazama mimi, wote wawili. Ungo ukaniponyoka, mchele ukamwagika hadi barazani. Nikainama kuokota. Niliokota muda mrefu sana, punje kwa punje, na hakuna aliyeniambia acha.

Jumatatu, 28 Juni
Mvua imekatika.

Juzi Salimu alikwenda Majoreni na lile dera la kijani. Hawakumtukana. Walimkaribisha kiti, wakamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Tatu ni tatu. Hata akimtaka, mpaka Mejumaa aolewe na mwanamume mwingine, akae naye kwa haki, aachike, ndipo. Mejumaa hakutoka kumwona. Dera alirudi nalo.

Jana hakwenda Maulidini. Leo asubuhi kaondoka kurudi Maskati. Mama kamlilia hadi barabarani. Mimi alinipita, kisha akarudi, akaniwekea mkononi ufunguo aliouchukua kwa mama. Kasema chumba hicho hapo. Na ile mashine pia, yako. Hakupandisha sauti. Sijui kama atarudi tena humu.

Nimemwamkia mama shikamoo mara mbili. Kaendelea kuchambua mboga. Amejipikia chake, amekula chake, na sahani yangu hakuigusa.

Nimehamia. Dirisha kweli linaona barabara. Upepo mzuri. Nimefagia chini ya kitanda, nikatoa maganda ya ndimu yaliyokauka, nikayatupa jalalani.

Alasiri niliketi sebuleni peke yangu, nikacheza. Nimezungusha gari makusudi, mpaka barabara na mbingu vikachanganyika. Sikusikia kitu. Nikalizungusha tena.