Dakika Kumi na Mbili za Jumatano

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakusalimu katika jina la Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti la kushoto limeacha kukusumbua unapopanda ngazi za kanisa. Mama naye hajambo? Mwambie shikamoo yake nimeifunga pamoja na yako isije ikapotea njiani. Sisi huku hatujambo. Mama mdogo anakusalimu sana, na anasema kama goti bado linauma basi shemeji apunguze kupiga magoti na aongeze kulipaka dawa. Nimeandika kama alivyosema, kwa hiyo ukikasirika mkasirikie yeye.

Barua yako niliipata, na fomu ya chuo cha wachungaji ilikuwa ndani, haikukunjika. Umeniagiza niandike ushuhuda wa kurasa mbili, jinsi Mungu alivyoniita kumtumikia, nao umfikie askofu kabla mwezi haujaisha, maana nafasi ni moja na wewe umekwisha kunitaja. Baba, hii ni mara ya nne nakaa kuandika. Mara ya kwanza niliandika kwa lugha ya shule, kwa kuwa fomu yenyewe iko kwa lugha hiyo, na maneno yakaja mbio kama watoto walioitiwa peremende. Nilipoyasoma niliona ni mazuri, ila mimi sikuwemo. Lugha ile nilifundishwa kuandikia insha, na insha haikuulizi kama unachosema ni kweli. Ndiyo maana nimerudi kwenye hii uliyonifundishia kusali. Lakini hata hivyo situlii. Tangu asubuhi nakaa, nainuka, nachungulia dirishani, nafagia pale nilipokwisha kufagia, mpaka mama mdogo ameniuliza kama kiti kina misumari.

Acha nianzie kazini, kwa sababu huko ndiko mambo yote yaliko. Najua ulinikubalia kujitolea pale kituo cha afya ili nisikae bure nikisubiri matokeo ya mtihani, na mimi pia nilidhani ni kupitisha siku tu. Chumba cha mama mdogo kiko nyuma ya wodi ya wazazi. Kina sinki mbili, meza ndefu ya bati, rafu, na mashine ya mvuke ambayo wote wanaiita Jiko. Mikasi na koleo zikitoka wodini tunaziloweka, tunazisugua kwa brashi mpaka kwenye maungio, tunazikausha, tunazifunga kwa vitambaa viwili, tunabandika utepe wenye mistari, ndipo zinaingia kwenye Jiko. Mshale unapanda polepole. Ukifika kwenye alama nyekundu, hapo ndipo unaanza kuhesabu dakika thelathini. Si tangu ulipofunga mlango, wala si tangu uliposikia mvuke unapiga mluzi. Utepe nao unageuka mweusi, lakini unageuka mapema. Unakuambia tu kwamba moto umepita, haukuambii umekaa kwa muda gani. Mama mdogo alinifundisha hivyo siku ya kwanza, akasema utepe ni shahidi wa mlangoni na shahidi wa ndani ni wewe uliyekaa kwenye kigoda.

Kitabu cha maelekezo ya mashine kiko kwa lugha ya shule, ambayo mama mdogo hakuisoma. Miaka yote ameendesha Jiko kwa sikio na kwa kukariri. Basi wiki yangu ya pili nilikitafsiri, nikaandika kanuni zote kwa herufi kubwa kwenye karatasi ngumu, nikazibandika ukutani. Alifurahi, Baba. Alimwita kila apitaye, hata fundi wa kupaka rangi, akiwaonyesha kazi ya mtoto wa dada yake. Nakutajia hili ili usije ukanitetea kwamba sikujua. Kanuni iko pale ukutani kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Kitu kimoja kilikuwa kikinikera. Mama mdogo haji kwenye maombi ya Jumatano. Nilipomsihi alijibu kwamba hata Jumatano watu wanazaa. Nilimwona amepoa kiroho. Unakumbuka wewe mwenyewe ulivyomtania mezani, ukimfananisha na yule dada aliyehangaikia vyombo huku mwenzake amekaa miguuni pa Bwana? Tulicheka wote, naye akacheka, kisha akainuka akaviosha vile vyombo tulivyolia chakula. Mimi niliondoka pale nikiamini kwamba kuna kazi ya Mungu, halafu kuna kazi. Kusugua koleo ilikuwa kazi. Jumatano saa kumi ndiyo ilikuwa ya Mungu.

Sasa nafika kwenye Jumatano unayoijua. Mwenyekiti wa vijana alinipanga niongoze maombi, mimi ambaye kituoni wananiita Kimya kwa sababu nasalimia kwa kichwa. Ninavyoogopa kusimama mbele za watu wewe unajua, ulinibeba kutoka madhabahuni nilipozimia kwenye shairi la watoto. Lakini ulikuwa umenitumia ujumbe kwamba unafunga na kuniombea ukitarajia ishara. Nami nilitaka uipate.

Mwenyekiti alikuandikia yaliyotokea, nawe, kama ulivyonieleza, uliwasimulia waumini Jumapili iliyofuata. Kwamba niliingia ukumbini saa kumi kamili, jasho likinitoka. Kwamba nilifungua kinywa, yule bubu wenu, nikaomba bila kusita. Kwamba katikati ya maombi sauti ilikatika, nikapiga magoti nikilia mpaka kina mama watatu wakanishika, na ukumbi mzima ukalia. Umeniandikia kwamba kama huo si wito, basi hujui wito ni nini. Unataka nianzie hapo kwenye ushuhuda.

Baba, naanzia hapo.

Siku hiyo mama mdogo alikwenda bohari kuchukua vitambaa. Aliniachia Jiko likiwa na vifurushi sita vya kuzalishia, na kalamu ya kujazia kadi ya mashine, jambo ambalo hajawahi kumwachia mtu. Mshale ulikuwa mzito. Ulifika kwenye alama saa tisa na dakika ishirini na tano, maana yake nilipaswa kuzima saa kumi kasoro tano. Kutoka kituoni hadi ukumbini ni mwendo wa robo saa. Nilikaa kwenye kigoda, nikainuka, nikakaa. Nikasali Mungu asukume saa, kana kwamba hilo ndilo alilokuwa akilisubiri. Kupitia kioo kidogo cha mlango wa Jiko niliuona utepe umekwisha kuwa mweusi. Nikajiambia kwamba Mungu ninayekwenda kumtumikia hawezi kushindwa na dakika chache. Saa kumi kasoro dakika kumi na saba nilizima. Kwenye kadi, mahali pa kuandika muda wa kuzima, niliandika saa kumi kasoro tano. Niliandika saa ambayo ilikuwa bado haijafika, Baba, nikavua aproni, nikakimbia.

Lile jasho lilikuwa la kukimbia. Na machozi, ambayo sijapata kumwambia mtu mpaka leo, hayakuwa ya kujazwa Roho. Nilipokuwa naomba nilifika mahali pa kuwaombea wajawazito wa mtaa wetu, mama mmoja aliyekaa mbele akaitikia amina huku ameshika tumbo. Sauti ilinikatikia hapo. Nililia kwa woga. Wakaniwekea mikono, wakashukuru, nami sikuwa na ujasiri wa kusema niacheni nirudi kazini. Kwa kuwa nilikuwa nasifiwa, nilikaa.

Alhamisi asubuhi niliwahi kuliko wote. Mhudumu wa zamu alikuwa amekwisha kupanga vifurushi kwenye rafu, na nilikuta vitano. Hivyo vitano nilivirudisha kwenye Jiko kimyakimya, nikahesabu thelathini zote, nikampa mama mdogo chai na tabasamu. Cha sita kilikuwa kimemzalisha mwanamke muuza viatu vya mitumba. Mkasi uliokata kitovu cha mwanawe ulitoka kwenye dakika zangu kumi na nane. Nilijua, na nikanyamaza siku mbili. Sikulala vizuri, sikula vizuri, nilisugua vitu ambavyo vilikuwa safi. Mwenyekiti wa vijana alinikuta njiani akaniita mtumishi wa Mungu, nikaitika.

Jumamosi nikasikia wodini kwamba muuza viatu ana homa.

Nilikwenda moja kwa moja kwa mama mdogo nikamwambia mbele ya sinki, bila kufunika kitu. Nilitegemea kelele. Hakupiga kelele. Aliisoma ile kadi muda mrefu, yeye asomaye polepole, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia Alhamisi, maana Alhamisi ilikuwa bado ni dawa na Jumamosi tayari ni ugonjwa. Halafu akasema maneno ambayo ningetamani uyasikie kwa sauti yake. Alisema zile dakika thelathini hakai bure pale kwenye kigoda. Anamwombea kila atakayeguswa na vile vyombo, ambaye hamjui jina wala sura, na huomba macho wazi kwa sababu macho ni ya mshale, na Mungu hajawahi kumlalamikia kwamba haangaliwi. Kisha akanishika mkono, si kwa upole sana, akanipeleka kwa Matroni, mkuu wa wauguzi.

Matroni alimwanzishia dawa mama na mtoto saa hiyohiyo. Mama mdogo alipewa onyo la maandishi kwa kuniachia kalamu, naye ana miaka kumi na tisa kazini bila doa. Mimi nilitakiwa nimweleze mgonjwa mwenyewe. Nilisimama karibu na kitanda, nikasema yote nikiangalia miguu yangu. Muuza viatu alinisikiliza huku akinyonyesha. Akaniuliza kumbe mimi ndiye yule mlokole wa Jumatano aliyeliza watu. Nikasema ndimi. Akaniuliza kama ningechelewa robo saa Mungu angekuwa ameshafunga mlango akaenda zake. Wodi ikacheka, mimi nikatamani ardhi inimeze. Kisha akaacha mzaha, akasema yeye hauzi kiatu ambacho hajakitia mkono ndani kutafuta msumari, na mnunuzi wake anaondoka na kiatu tu, wakati yeye nilimpa mkasi wa kukatia kitovu cha mwanawe. Hakusema amenisamehe. Aliniambia nimbebee maji ya kuoga, nikabeba siku zote saba alizobaki wodini.

Homa ilishuka siku ya tatu. Mtoto hakupata kitu, na kitovu kimekauka vizuri, ashukuriwe Mungu. Nilimuuliza Matroni kama homa ile ilitokana na mkasi. Akajibu huenda ni mkasi, huenda ni maziwa yalikuwa yanaingia, na hatutajua kamwe, nizoee. Sijazoea.

Huo ndio ushuhuda wangu, na ndiyo maana haukai kwenye fomu. Fomu nakurudishia humu ndani, tupu. Nimewaza kuna mtu mahali fulani ambaye anaitwa kwelikweli kwenye chuo kile, na jina langu limekalia nafasi yake. Mpe. Mimi nimemwomba Matroni anichukue kazi. Amesema nitaanza na sinki tu, nusu mwaka bila kugusa Jiko wala kalamu, na baada ya hapo, kama mama mdogo ataniamini tena, nitapelekwa mafunzo. Nimekubali. Usidhani najiadhibu, Baba. Wiki hizi nimesugua maungio ya koleo nikiwa na Mungu karibu kuliko nilivyokuwa naye ukumbini, naye hanisifu hata kidogo.

Najua nimekuweka pabaya. Umewasimulia watu zaidi ya mia mbili, tena kwa furaha, na utasemaje sasa? Nimeliwaza hili kuliko yote. Ungeweza kunyamaza, na wangesahau. Ungeweza kusema binti amebadili mawazo, si unajua vijana. Nakuomba usiseme lolote kwa niaba yangu. Nimepewa ruhusa Jumapili ya tarehe saba, nitakuja kwa basi la asubuhi. Uniwekee dakika tano kabla ya mahubiri, niwaambie mwenyewe yale machozi yalikuwa ya nini. Nikizimia, mniinue nimalizie.

Nisalimie Mama sana, na ikiwezekana msomee barua hii yote, usimchagulie vipande. Wasalimie wadogo zangu, uwaambie dada anakuja ila hana zawadi. Mungu akutunze, wewe na goti lako.

Ni mimi binti yako mwenye kukupenda na kukuogopa,

Kimya