Adalbert, Uliyetoka Siku Majengo Ilipofunga Milango

“Papa Adalbert, batoto ya benyewe unabatafutia nini? Weye hauna bako?”

Mama Donatille, jirani yetu, alikuuliza hivyo siku moja kwenye uzio wa mbao. Ukacheka: “Niko nabo, Mama Dona. Njo maana.” Kwako hiyo ndiyo ilikuwa sababu.

Ni mwaka mmoja sasa tangu tukuzike haraka, bila misa wala wimbo, maana risasi zilikuwa hazijanyamaza.

Kazi yako ilikuwa kuketi na watoto walioonja uchungu mapema. Watu wa université, yaani chuo kikuu, walitaka kujua vita, njaa na fimbo vinamuachia mutoto nini moyoni, na jamaa yake isaidiwe namna gani kabla haijavunjika.

Mwanzo watu walikudhania mugawaji wa musaada. Wakikuona tu, wanavalisha watoto nguo zilizopasuka, na ule mwenye viatu anafichwa nyuma ya nyumba. Ulitusimulia ukicheka mpaka machozi. Tangu pale ulianza kwenda mikono mitupu: unachambua maharagwe na mama wa nyumba, unaomba maji ya kunywa, unaaga. Maulizo yatangoja siku nyingine.

Mutoto ulimupa kamba, aitandaze chini kama njia ya maisha yake. Palipouma anaweka jiwe la volkano, palipokuwa pazuri anaweka ua. Alliance, binti wa mtaa wa Majengo, aliweka mawe tu. Kamba ilipoisha akakuuliza: “Papa, maua inapatikana wapi?”

Siku ile haukula. Ulishika rozari mpaka mimi, muke wako, nikalala.

Baba yake Alliance ndiye alimupiga. Haukumukimbia. Kila juma uliketi naye, ukaongea naye kama ndugu, na mukono wake ulianza kupoa. Lakini vita vilipoingia muji, woga ulimurudisha kwenye fimbo.

Alliance ulimutoa kwao, ukamufikisha salama mtaa wa Murara, kwa shangazi yake. Wakati wa kurudi, risasi ikakukuta njiani.

Alliance anakuja kwetu kila Dominika. Bado hacheki, hatutakudanganya. Juzi alitoa jiwe mfukoni, akalilaza juu ya kaburi lako. Ua, amesema, angali analitafuta.

Tunaokukumbuka: mimi mujane wako Apolline, watoto wako Carlos, Élodie na Kahindo, dada yako Kahambu, Mama Donatille, ambaye haulizi tena, na Alliance. Misa yako itasomwa Dominika asubuhi. Siku zote jina lako litakuwa katika sala zetu.

Na mimi bado nakuona pale mulangoni. Watoto wamelala chini, nje risasi zinalia, nami nimekushika koti.

“Unaenda wapi? Batu bote bamefunga milango!”

“Njo maana, Mama Carlos. Na ule mutoto bamemufungia pamoja na mwenye kumupiga.”

Nikaachilia koti. Ukafanya alama ya musalaba, ukatoka.