Maji ya Mikono ya Ampha

Naklua, 1 Februari 2018

Mpendwa mdogo wangu Godelieve,

Habari za Aalst, na habari za baridi ya Ubelgiji? Goti lako limepata nafuu au bado linakutabiria mvua? Sisi hapa tu wazima, isipokuwa sikio langu la kushoto, ambalo naona limeamua kufa kwa hiari yake, na kwa kelele za mji huu sililaumu. Mke wangu Ampha hajambo. Anakusalimu kama kawaida yake, na kama kawaida yako hutaitikia.

Umeniuliza kama bado napapenda huku. Napapenda kuanzia saa kumi na moja alfajiri mpaka saa mbili asubuhi, watalii wakiwa wamelala. Wakiamka, nafunga madirisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Waje hapa Pattaya waone jinsi mwenyeji anavyougua.

Juzi sokoni alikuja mmoja kifua wazi, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akanunua kwa Ampha shada la jasmini. Mashada yale ni ya kutolewa hekaluni, Godelieve, Ampha huyatunga kwa sindano toka alfajiri. Bwana yule akalivisha chupa yake ya bia, akapigwa picha. Nikasimama nimfundishe adabu. Ampha akanivuta shati. "Kaa chini, mzee. Amelipa. Acha chupa yake ibarikiwe."

Nikamwambia hawa wageni watatumaliza. Akacheka mpaka akaangusha sindano. "Na wewe si mgeni? Tofauti yenu wewe umevaa shati."

Na bado Aprili haijafika. Aprili ni Songkran, mwaka mpya wa Wathai, sikukuu ya maji. Kwingine ni siku tatu, hapa kwetu ni wiki nzima, maana mji una siku yake ya ziada ya kufungia, tarehe kumi na tisa, wanaiita Wan Lai. Mwaka jana walimmwagia ndoo ya maji ya barafu mpeleka barua akiwa kwenye pikipiki. Akavunjika bega, na wao wakashangilia.

Niandikie. Simu tuiache kwa misiba, kama tulivyokubaliana.

Kaka yako,
Odiel


Aalst, 20 Februari 2018

Kaka Odiel,

Salamu nyingi. Goti ni lile lile. Mimi mzima, paka mzima, na mji mzima umelala maana karnavali imekwisha juzijuzi na wafagiaji bado wanazoa karatasi za rangi kwenye mitaro.

Nilipokuwa nasoma barua yako nilicheka peke yangu jikoni. Nyani haoni kundule. Ni nani aliyekuwa akitoka nyumbani Jumapili ya karnavali amevaa gauni la mama na kurudi Jumatano, kiatu kimoja? Ni nani alimmwagia padre bia kwenye kola? Leo umekuwa mlinzi wa adabu za Wathai. Uzee huu una mambo.

Sasa sikia. Wannes wangu anakuja huko. Amemaliza masomo, yeye na rafiki zake wanne wamekata tiketi, na wakati waliouchagua ni huo huo Aprili wa maji. Nimemwambia akupitie. Mtoto hajakuona tangu ana miaka kumi na moja.

Nisalimie nyumba.

Dada yako,
Godelieve


Naklua, 11 Machi 2018

Godelieve mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta salama. Sisi wazima, na nyumba yangu imepagawa.

Nilipomwambia Ampha kwamba Wannes anakuja, aliweka sindano chini akauliza mara mbili. "Mtoto wa dada yako? Anakuja hapa kwetu?" Kisha akaenda kusimama mbele ya ile picha ya kipaimara uliyonitumia zamani. Ameitundika ukutani sebuleni, pembeni ya picha ya marehemu mama yake. Anamjua Wannes kuanzia nywele hadi kidole, ingawa amekua. Kesho yake akanunua kitambaa cha maua, anamshonea shati la sikukuu kwa kukisia mabega.

Nikueleze jambo, maana usidhani Songkran ni wale walevi tu. Walevi wameikuta. Yenyewe ni hivi: tarehe kumi na tatu vijana huenda kwa wakubwa wao na bakuli la maji yenye jasmini. Mkubwa ananyoosha mikono. Kijana anammiminia taratibu na kusema, kama nimekukosea, kwa kujua au kwa kutojua, nisamehe. Mkubwa naye humjibu kwa kumwombea maisha marefu. Basi. Sikukuu yote ni hiyo, nyingine ni makelele.

Ampha hakujaliwa mtoto. Kila mwaka majirani hujaa watoto na wajukuu, yeye hukaa kibarazani amevaa vizuri, mikono imetulia magotini. Mimi humwagiwa na watoto wa jirani kwa huruma. Yeye pia. Lakini huruma anaijua, Godelieve, si mjinga. Anachotaka ni mtu mmoja wa ukoo wangu amtambue. Miaka tisa sasa.

Najua unayoyawaza. Mariette alikuwa rafiki yako kabla hajawa mke wangu, na nilipomzika niliondoka mapema mno. Unichukie mimi kwa hilo. Huyu hakumjua Mariette, na kila mwaka humwekea ua.

Mwambie Wannes aje tarehe kumi na tatu asubuhi. Na umwonyeshe ile picha yetu ya arusi niliyokutumia, amjue mke wa mjomba wake.

Kaka yako anayekuomba,
Odiel


Aalst, 28 Machi 2018

Kaka,

Hujambo? Huku theluji imerudi. Wannes anaondoka tarehe tisa, nimempa anwani na namba yako. Nimemweleza habari ya maji, akasema sawa, lakini yeye ni mtu mzima, siwezi kumshika mkono.

Picha sijui niliiweka wapi. Usinisukume, Odiel. Siwezi kumwagiza mwanangu akaombe msamaha kwa mwanamke nisiyemjua.

Godelieve


Naklua, 15 Aprili 2018

Godelieve,

Sikuulizi hali maana nina hasira, na mwenye hasira hasikii jibu.

Tarehe kumi na tatu Ampha aliamka gizani. Alipika wali wa kunata na maembe, akatia maua kwenye bakuli la fedha alilorithi kwa mama yake, akavaa blauzi ya hariri. Shati la maua lilikuwa limepigwa pasi liko kwenye kiti. Tukakaa kibarazani. Majirani wakapita, wakauliza, "Ampha, leo unangoja waziri?" Akajibu kwa kujidai, "Nangoja mtoto wetu kutoka Ulaya."

Saa tano nikampigia. Nyuma yake muziki unanguruma. "Mjomba! Nimelala vibaya, kesho nakuja." Jana nikapiga, ikapokewa na mwenzake, akaniuliza mimi ni babu wa nani. Leo simu imezimwa.

Nimekwenda mpaka hotelini kwao, barabara ya ufukweni. Nimerudi sijawaona ila nimeloa mpaka soli, nimepakwa unga usoni na jitu lililovaa nguo ya kuogelea tu, na sikio langu sasa limekufa rasmi. Wameweka mapipa ya barafu mbele ya kila baa. Anayepita na pikipiki wanamlenga usoni. Kila jioni televisheni inatangaza waliokufa barabarani, kama matokeo ya mpira, na baada ya hapo wimbo.

Nilimwambia Ampha nikikutana na mpwa wangu nitamtia makofi mbele za watu. Yeye alikuwa anafunika maembe. "Muache, mzee. Ni kijana, amelewa furaha. Kwani wewe ulipokuja hapa mara ya kwanza ulikuja kusali?"

"Amekudharau," nikamwambia.

"Hanijui. Anawezaje kumdharau mtu asiyemjua?" Kisha akasema Wan Lai bado, na kama mtoto haji kwake, yeye atamwendea mtoto. Nimemkatalia kabisa. Amenyamaza, na mke wangu akinyamaza ujue ameshaamua.

Hii ndiyo zawadi uliyotuletea.

Odiel


Aalst, 19 Aprili 2018

Kaka yangu mpendwa,

Salamu kwako na kwa wote walio nyumbani. Najua kuna barua yako njiani na najua haina asali. Nakuandikia kabla haijafika, nisije nikaonekana nimeandika kwa kuogopa.

Jana nilimpigia Wannes. Nikamuuliza kama amekwenda kwa mjomba wake. Akacheka. "Mama, yule bibi hata wewe humtaki, mimi nikafanye nini kule?" Akakata simu, muziki ulikuwa unamngoja. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, maana maneno yalikuwa yangu, yeye ameyasema kwa sauti tu.

Nimeitoa picha ya arusi yenu. Ilikuwa kwenye droo, chini ya leso za Mariette, na nilijua iko pale siku zote. Nimeiweka kwenye meza ya chakula. Ana uso wa mtu anayezuia kicheko. Mariette angempenda, na hilo ndilo lililokuwa linaniuma.

Maji yakimwagika hayazoleki, miaka tisa imekwenda. Lakini mwakani, goti likikubali, nitakuja mwenyewe mwezi huo wa makelele, na hayo maji nitammiminia mimi. Nifundishe yale maneno.

Msalimie sana wifi yangu Ampha. Mwambie ni mimi niliyemwita hivyo.

Dada yako,
Godelieve


Naklua, 4 Mei 2018

Godelieve,

Natumaini u mzima. Mimi nakula, kama utauliza. Majirani wananiletea.

Kwenye simu nilikuambia pikipiki, maji, ameanguka, hakuamka. Nilikomea hapo. Wannes amesema atakusimulia mwenyewe akifika. Hatakusimulia. Ameondoka jana, utampokea leo, na barua hii itamfuata nyuma.

Siku ya Wan Lai nilikwenda kwa daktari wa masikio. Ampha alinisindikiza mpaka getini akanitakia heri, mpole kupita kiasi. Nilipopotea kwenye kona, akachukua bakuli, shati, na chupa ya maji ya jasmini, akavitia kwenye kikapu cha pikipiki yake, akaenda barabara ya ufukweni kumtafuta mwanao. Muuza mishikaki ambaye ni rafiki yake aliona yote na ndiye aliyenieleza. Wannes naye ameeleza, na hawakupishana.

Walikuwa watano mbele ya baa, na pipa. Ampha alimtambua kwa mbali. Picha ya kipaimara, Godelieve, alimtambua kwa picha ya kipaimara. Akapunguza mwendo, akaachia usukani kwa mkono mmoja, akampungia. Sasa huku mtu akikupungia kutoka kwenye pikipiki siku ile anakuomba umwache apite. Lakini wenzake walikuwa wamemwambia Wannes kwamba ukipungiwa maana yake unaombwa maji. Na yule mama mwenye kofia ngumu alikuwa anapunga na kucheka na kuita jina, naye kwa ule muziki hakusikia jina lake. Aliona tu mama wa Kithai aliyefurahi. Akainua ndoo. Anasema alitaka kumfurahisha zaidi.

Maji yalikuwa na mabonge ya barafu, yakampata kifuani. Wenzake walishangilia mpaka walipoona haamki.

Ukitaka kujua, alijipeleka kituoni mwenyewe, hilo nampa. Askari aliandika ajali. Nilimuuliza kama Ampha ataingia kwenye ile hesabu ya televisheni. Akaniambia kwa upole kwamba hesabu ya sikukuu ilifungwa tarehe kumi na saba.

Barua yako ilifika siku ya pili baada ya kumchoma, maana huku maiti huchomwa. Nimemsomea, mbele ya picha yake, kwa Kithai changu kibovu. Neno wifi sikupata la kulitafsiri likatosha. Nikalisema kwa lugha yetu.

Lililobaki ni hili. Kabla ya kuchoma, maiti hulazwa mkono mmoja umenyooshwa nje ya shuka, na watu hupita mmoja mmoja kuumiminia maji yenye maua na kuomba msamaha. Maji ni yale yale ya tarehe kumi na tatu, na maneno yale yale. Wannes alikuja. Nilitaka kumfukuza, lakini dada zake Ampha, ambao walikwishajua, wakamfungulia njia wakampa lile bakuli la fedha. Limebonyea upande. Alikuwa amevaa shati la maua. Linamtosha mabegani.

Akamimina. Dada mmoja wa Ampha akawa anamtajia maneno, mimi namtafsiria, naye anafuatisha. Kama nimekukosea, kwa kujua. Alipofika penye "kwa kutojua" akashindwa, akaanza tena, akashindwa tena. Nami, mzee mzima, nikajikuta namtazama Ampha mdomoni. Nangoja ajibu, maana mkubwa hujibu.

Kisha mwanao akanigeukia. Maji yalikuwa yamebaki kidogo. Akapiga magoti mbele yangu, mbele ya watu wote, akaliinua bakuli na kungoja. Ampha angeniambia nikae chini, nimpe mtoto mikono. Nilimsikia kabisa, na kwa lile sikio lililokufa.

Sikuinyoosha mikono, Godelieve. Mpaka akachoka, akaliweka bakuli chini.

Kaka yako,
Odiel